Bunduki ya nakshi ya Mzee, na vile Mathe aliisugua kwa majivu

Wakuu, sasa. Na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kusema kitu, nawasalimu pia, najua mko.

Hii ni yangu mwenyewe, sijaiokota kwa mtu. Majina nimebadilisha sababu niko na mabinamu humu ndani wenye mdomo, lakini mambo yalifanyika vile vile nitakavyoyaweka. Kama haikuingii akilini, pita tu, nyuzi za siasa zimejaa huko nje.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Simu zetu zilikuwa za kubonyeza na credit ni ya kukwaruza na kucha.

Nilikuwa nafanya kazi ya bima Upper Hill. Wakati huo kule bado kulikuwa na nyumba za zamani za vigae, zile za fensi ya michongoma, na ungeweza kula lunch chini ya mti ukiskia ndege. Leo ukitafuta huo mti utagongana na benki.

Nyumbani kwetu ni upande wa Dagoretti. Mzee wangu alikuwa manager wa shamba la ng'ombe wa maziwa huko Limuru, la mzungu mmoja mkimya sana. Huyo mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia Mzee bunduki yake ya kuwindia ndege. Double barrel, mitutu miwili imelala sambamba.

Wanasheria wa hapa, tulieni. Certificate ilikuwepo, na kila siku ya kuirenew Mzee alivaa koti na tai kama mtu anayeenda kuoa.

Sasa hiyo bunduki, wacha niwaambie.

Ilitengenezwa Uingereza kitambo, kabla hata babu yangu hajaona gari. Pale chuma kinapokutana na mbao, pande zote mbili, mtu alikuwa ameketi na kupiga nakshi kwa mkono. Majani yanayojikunja, mbwa ameinua mguu mmoja, na ndege wenye mikia mirefu ambao hawapatikani Kenya. Sisi watoto tuliwaita majogoo wa Ulaya.

Jumamosi Mzee alikuwa anatuchukua tunashuka upande wa Ngong kutafuta kware. Kwa leseni, kabla mniulize. Harufu ya baruti na mafuta ya bunduki na nyasi zenye umande, mpaka leo ikinipata mahali nasimama.

Mathe, mama yangu, kwa upande wake alikataa katakata. Kwao ndege wa porini haliwi. Alisema nyama hiyo haitaingia kwa sufuria zake, na kweli Mzee ilibidi anunue sufuria yake ndogo, akawa anajipikia nje kwa mawe matatu akipiga mluzi. Sisi tunamzunguka tukimeza mate. Aki siku zile zilikuwa tamu.

Halafu Mzee akaanza kusahau.

Mwanzo ni vitu vidogo. Kofia, funguo, jina la padri. Mbele kidogo akaanza kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa, na ng'ombe tulikuwa tumeuza zamani.

Mimi nilikuwa napitia nyumbani jioni nikitoka job, na shati jeupe na tai. Siku moja nikaingia akanyoosha mkono vizuri kabisa: "Karibu, daktari."

Nikacheka. Nilidhani ni utani, Mzee alikuwa mtu wa utani. Kumbe si utani.

Kuanzia hapo nikawa daktari. Kila jioni. "Daktari, hawa watu wako wananipa uji hauna sukari." "Daktari, nitarudi nyumbani lini?" Nyambura, dada yangu, bado alikuwa anamjua. Mathe anamjua. Mimi, kijana wake wa pekee, nimepotea.

Nilijaribu kila kitu. Nilivua tai. Nilivaa gumboots. Nilimwonyesha picha zangu za shule. Anaangalia picha anasema, "Kijana mzuri. Ni wako?"

Wakuu, sitawadanganya. Nilikuwa naenda kulia kwa gari. Sikutaka shamba, sikutaka baraka za mkono kichwani. Nilitaka aniite Njoroge, hata mara moja, hata kwa hasira.

Sasa bunduki inaingiaje hapa. Kwa hali yake hangeweza kuendelea kuwa na certificate. Ilibidi ipelekwe kwa duka la bunduki lenye leseni, ikae kwa stoo yao mpaka ijulikane inauzwa ama inahamishwa kwa jina langu.

Basi tukafungua lile sanduku la chuma lililofungwa kwa ukuta. Hakuna mtu alikuwa amelifungua tangu Mzee aache kutembea mbali.

Uuui.

Mitutu imevaa kutu ya rangi ya njugu. Kitako kimepasuka, na unyevu umekitia madoa. Nakshi huioni, ni weusi mtupu wa mafuta yaliyoganda na vumbi. Mbwa amepotea, majogoo wamepotea. Nilisimama hapo nikaskia vibaya, sababu Mzee nilimkumbuka akiipangusa kila Jumapili baada ya kanisa, pole pole, kama mtu anaosha mtoto.

Ndio nikapata wazo. Niitengeneze irudi vile ilikuwa. Akiiona, atakumbuka. Akikumbuka bunduki, atakumbuka Jumamosi. Akikumbuka Jumamosi, atanikumbuka mimi.

Nyambura aliniangalia hivi. "Uza," akasema. "Tumtafutie mtu wa kukaa na yeye mchana, Mathe amechoka." Na hakuwa na roho mbaya, wakuu, msianze kumtukana huko chini kwa comments. Yeye ndiye alikuwa anamwogesha.

Tukakubaliana kwanza ithaminiwe, halafu tuongee.

Nikaulizia tao, yaani katikati ya mji, nikaelekezwa duka moja la bunduki nyuma ya Biashara Street, workshop iko orofa ya juu. Fundi wao alikuwa mtu wa Lamu, Bwana Athmani. Kofia ya viua, ile ya kudariziwa kwa mkono, miwani ya kamba, na kiburi cha kutosha kata nzima. Nilipomwambia "kuna bunduki yangu moja imeharibika," akaniuliza, "Imeharibika au mmeiharibu?"

Hapo nikajua tutaelewana.

Akasema haibebwi kiholela. Atakuja mwenyewe na watu wa duka na makaratasi, aione pale ilipo, kisha waichukue. Siku ikapangwa. Nikapigia Mathe simu: kesho kuna mgeni anakuja kuangalia bunduki ya Baba.

Kosa langu lilikuwa hilo neno, mgeni.

Nyinyi mnajua mama zetu na mgeni. Mgeni akija, sufuria zinatolewa zote nje, zinasuguliwa kwa majivu na steel wire mpaka unaweza kujinyoa ukijiangalia. Mgeni haonyeshwi kitu cheusi. Ni aibu ya boma.

Asubuhi tukafika na Bwana Athmani. Mathe ametuandalia chai, amevaa kitambaa kizuri, anatabasamu. Funguo za sanduku alikuwa nazo yeye. Akatupeleka kwa chumba kwa madaha, akafungua.

"Nimewasaidia kidogo," akasema. "Ilikuwa chafu sana. Nimemaliza upande mmoja, mkono ukachoka."

Upande wa kulia ulikuwa unang'aa kama kijiko.

Bwana Athmani akasogea karibu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akaiinua bunduki akaipeleka dirishani. Halafu akakaa kwa kitanda cha Mzee bila kukaribishwa.

"Subhanallah," akasema. "Mama, umetumia nini?"

"Majivu na waya," Mathe akajibu, bado anatabasamu. "Na nguvu."

Mkia wa jogoo mmoja ulikuwa umeisha. Mbwa amebaki na mwili bila nywele. Ile mistari miembamba ambayo mtu aliichora na kioo cha kukuzia, ikiwa kwa mamia, imeenda na majivu kwa shimo la takataka.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ukimwangalia Mathe, mikono imekuwa myeusi, kucha zimejaa jivu, anangoja aambiwe asante. Ungefanya nini? Nikasema, "Asante, Mum." Bwana Athmani naye akaangalia zile kucha, akavuta pumzi. "Umejitahidi, mama. Tena sana. Sasa niachie mimi, usije ukajichosha."

Huyo mzee aliniingia roho hapo hapo.

Nje kwa gari ndio akaniambia ukweli. Bunduki ni ya kazi nzuri, ya kuagizwa, si ya kununua kwa rafu. Kama Mathe angeiacha na weusi wake, kuna watu wa kukusanya vitu vya kale wangeipigania. Sasa mnunuzi akiona ule upande uliosuguliwa, bei inaanguka nusu na zaidi. Mtu wa hivyo afadhali aone kutu kuliko aone mng'ao.

"Huwezi kuchora upya?" nikauliza. "Ikae kama mpya?"

Akageuka kwa kiti aniangalie vizuri. "Naweza. Baba yangu alikuwa sonara, nimeshika kalamu ya chuma kabla ya kalamu ya wino. Lakini nikichora upya, hiyo itakuwa bunduki yangu, si ya babako. Wataka ya nani?"

Nikajifanya natafuta mkanda wa kiti. Dereva wa duka akacheka.

(Samahani, nilikuwa nimeitwa kwa mlango. Naendelea.)

Basi akaanza kazi, na wakuu, mimi nilidhani restoration ni msasa na rangi. Wapi! Wiki ya kwanza hakufanya kitu. Aliipaka mafuta akaiacha. Nikipiga simu ananiambia, "Inakunywa."

Nilikuwa nashuka tao wakati wa lunch nikae na yeye. Ananitengea kigoda, ananipa kahawa chungu na kashata, ananicheka Kiswahili. "Bunduki yangu, si bunduki ya mimi. Nyinyi watu wa bara mnaongea kama mnakata kuni." Mimi namwambia sisi tunaongea haraka sababu tuko na kazi ya kufanya. Anasema, "Naona. Ndiyo maana upo hapa saa nzima wanitazama."

Kutu hakuitoa na waya. Alichukua sarafu ya zamani ya shaba, ile ya shimo katikati, akaitumbukiza kwa mafuta, akawa anakwangua pole pole. Shaba ni laini kuliko chuma, alinieleza, inaondoa kutu na haiachi alama. Ndani ya nakshi alitumia vijiti vya meno. Aliifuata mistari mmoja mmoja, na kila akimaliza jani moja anapuliza.

Kitako alikiziba ufa kwa gundi na kamba. Penye vibonyeo aliweka kitambaa kibichi akapitisha pasi ya moto, mbao ikafura ikarudi juu. Macho yangu yaliona. Halafu mafuta ya kitani, kwa kiganja, si kwa kitambaa. Anasugua mpaka kiganja kinapata moto, anaacha ikauke, siku nyingine anarudia. Ile mbao ikaanza kutoa mistari ya ndani, rangi ya asali nyeusi. Nilikuwa nimesahau kabisa kama ilikuwa na hiyo mistari.

Siku moja mbwa wa upande wa kushoto akatokea. Mguu umeinuliwa, masikio nyuma, anaangalia mbele. Nikamgusa kichwa kwa ncha ya kidole.

Upande wa Mathe alikataa kuuchora. Aliutuliza tu, akaupaka dawa yake kidogo kidogo mpaka ule mng'ao mkali ukashuka, ukakaribia mwenzake. Jogoo akabaki bila mkia. "Na huyo ana historia yake," akasema. "Mwache."

Ndio akaniuliza kwa nini nakuja kila siku, kwani sina ofisi. Nikamwambia yote. Daktari, uji, picha za shule. Akaendelea kusugua, hakunipa pole za bure.

"Mlete," akasema. "Bunduki haiwezi kwenda kwa mgonjwa. Mgonjwa aje kwa bunduki."

Tukamleta Jumamosi asubuhi. Mathe alimvalisha lile koti la kurenew certificate. Nyambura alikuja pia, na akaniambia kwa mlango kwamba kuna mtu wa kununua amempata kupitia duka, hata vile ilivyo, nimpe jibu siku hiyo hiyo. Nikamwambia wacha kwanza Baba aone.

Ngazi alizipanda akipumzika. Bwana Athmani alikuwa amefunga mlango wa workshop, hakuna risasi hata moja karibu, ametandika kitambaa cha kijani kwa meza. Bunduki imelala juu yake.

Wakuu, ilikuwa nzuri. Si mpya. Ilikuwa vile vile ilivyokuwa Jumapili baada ya kanisa.

Mzee akainama. Akaangalia mitutu, akaangalia kitako, akaangalia mbwa. Mimi nimeshika pumzi. Mathe ameshika kamba ya mkoba na mikono miwili.

Mzee akainuka.

"Bunduki nzuri sana," akasema. "Ya nani?"

Bwana Athmani akanitazama mimi.

"Mwambieni mwenyewe anaitunza vizuri," akasema, akageuka kutafuta kiti.

Ngai. Nyinyi ambao mmepitia hii mnajua. Ni kama umepika siku nzima halafu mgeni anasema ameshiba. Nyambura akaangalia dirishani. Mathe akaanza kumrekebishia Mzee kola ambayo haikuwa na shida yoyote.

Na mimi nikashikwa na hasira. Kwa nani, sijui. Kwa ule ugonjwa. Nikaikamata bunduki kutoka kwa meza nikamsukumia Mzee kwa kifua, imefungwa hivyo hivyo bila kukunjwa wazi, mitutu ikizunguka kupita kwa tumbo la Nyambura.

"Baba, shika! Ni yako! Shika uone!"

Mzee aliruka kutoka kwa kiti. Mtu aliyepanda ngazi akipumzika!

"NJOROGE!"

Nyambura akarudi nyuma hatua moja. Yaliyofuata yalikuwa kwa Kikuyu, mimi nawatafsiria.

"Njoroge, bunduki hapewi mtu ikiwa imefungwa! Ifungue! Kila mtu aone hakuna kitu ndani! Nilikufundisha nini wewe? Unataka kuua dada yako?"

Akaninyang'anya. Kidole gumba kikaenda kwa ile lever bila kutafuta, mitutu ikaanguka wazi. Akaangalia matundu yote mawili kwa mwanga. Akaiweka wazi juu ya mkono, mitutu ikiangalia sakafu, vile alivyokuwa anatembea nayo Ngong. Mgongo umenyooka. Akanisimamisha pale mbele ya watu na kunigombeza kama mtoto wa darasa la tatu, Njoroge hivi, Njoroge vile, haraka haraka yangu itanimaliza, naskia kwa sikio moja inatokea kwa lingine.

Mimi machozi yanashuka tu. "Ndio, Baba. Pole, Baba."

"Usilie. Skia."

Alipomaliza akamgeukia Bwana Athmani, akabadilisha akaongea Kiswahili kizuri cha heshima. "Samahani sana, bwana. Huyu ni kijana wangu, hana tabia mbaya, ni haraka tu." Akamrudishia bunduki, wazi, kitako mbele. "Chukua bunduki yako."

"Ahsante, mzee," Bwana Athmani akasema. Akaipokea kwa mikono miwili. "Kijana atajifunza."

Tulipofika chini ya ngazi nilikuwa Njoroge bado. Tulipitia Hurlingham tukanywa chai, nikawa Njoroge nusu ya kikombe. Halafu akaniangalia kwa upole akasema, "Daktari, wewe hukunywa?"

Sawa tu.

Nyambura ndiye alimpigia yule mnunuzi simu kumwambia haiuzwi. Hata sikumwomba. Mtu wa kukaa na Baba mchana tulimpata kwa kuchanga, tukajikaza.

Na mimi nikawa nimejua siri. Nilianza kukosea makusudi. Nashika jembe kinyume mbele yake. Nafunga kamba ya mbuzi vibaya. Nakata muwa nikielekeza panga kwangu. Siku nyingi nabaki daktari asiyejua kushika jembe, ananionea huruma. Lakini siku moja moja inatoka, kwa nguvu, kutoka kwa kiti chake: "Njoroge, wewe!" Na Mathe akiwa jikoni ananiita, "Umeskia? Umeskia?"

Mzee alitutoka miaka michache baadaye, kwa amani. Certificate ilikuja kwa jina langu, na bunduki inakaa huko tao kwa stoo.

Funzo langu ni hili, na sio la bunduki. Kama uko na mzazi anayesahau, wacha kumuuliza "unanijua?" Hilo swali linamwaibisha na linakuumiza. Usimwonyeshe picha. Mpe kitu alichokufundisha, kifanye vibaya mbele yake, na umwache akugombeze.

Na kama uko na kitu cha kale kwa nyumba, usiambie mama yako kuna mgeni anakuja.

Haya, nimemaliza. Tupia yako hapo chini: wazazi wenu waliwagombeza kuhusu nini, kile ambacho leo mngelipa mskie tena? Wale ambao wako nao bado, fungeni hii simu muende mkakosee kitu.